Talaka ya amani ni kitu gani, na "mzazi mwenza" maana yake nini hasa?

Aprili 2020, dunia nzima imejifungia ndani kwa korona, zikatoka picha za waigizaji wa Marekani Bruce Willis na Demi Moore wako Idaho na mabinti zao wamevaa nguo za kulalia sare, mistari ya kijani, utadhani ni sikukuu. Watu wakaanza kuulizana, hivi hawa si waliachana mwaka 2000? Ndiyo, waliachana. Na Bruce ana mke mwingine, Emma, tangu 2009, ana watoto wadogo wawili naye, Emma na hao watoto walikwama kwanza California ndo wakaja kuungana na wenzao kule Idaho baadaye. Demi mwenyewe ameshaandika kwamba anajivunia talaka yao, si ndoa, talaka.

Sasa hiyo ndo inaitwa talaka ya amani, na watu wengi wanaielewa vibaya, wanadhani ni watu walioachana bila kuumizana. Hapana. Kuumizana wameumizana kama wengine tu, ila ugomvi haufiki mahakamani wala kwenye magazeti, mali wanakubaliana wenyewe kabla jaji hajawaamulia, na mtoto hafanywi shahidi wala mjumbe wa kupeleka matusi. Basi. Kupendana tena au kupiga picha pamoja ni nyongeza.

Na mzazi mwenza ni yule ambaye ndoa imekufa ila ulezi haujafa, si mume wako tena lakini mtoto akipata homa usiku yeye ndo wa kwanza kupigiwa simu. Hapa Bongo neno limechakachuliwa mno, kila aliyezaa na staa anaitwa mzazi mwenza hata kama baba anamuona mtoto Instagram tu kama sisi wengine, hapo uenza uko wapi?

Tuje kwenye sheria kidogo maana bila hiyo huelewi kwa nini mastaa wa Marekani wanaweza kuachana kimyakimya. Wengi wanaishi California, na California tangu 1970 huhitaji kuthibitisha kwamba mwenzio alikosa, unasema tu tumeshindwana, imetosha. Zamani ilibidi utaje uzinzi au ukatili ndo upewe talaka, kwa hiyo hata waliokubaliana kuachana vizuri walilazimika kuchafuana mbele ya jaji. Aliyesaini hiyo sheria 1969 ni gavana Ronald Reagan, ambaye naye alikuwa ameshaonja talaka. Ukishafungua shauri na mwenzio akapewa karatasi, lazima ipite miezi sita ndo ndoa ifutwe, na kilichochumwa ndani ya ndoa kwa kawaida ni nusu kwa nusu, labda mwe na mkataba mliosaini kabla.

Kuhusu watoto kuna maswali mawili tofauti, na watu huyachanganya kila siku. La kwanza, nani anaamua mambo makubwa, shule gani, matibabu gani, dini gani. La pili, mtoto analala kwa nani siku zipi. Unaweza kukuta wazazi wote wawili wanaamua sawasawa ila mtoto analala zaidi kwa mama, na hakuna aliyenyang'anywa mtoto hapo, ingawa mitandaoni utasikia "kanyang'anywa".

Upande wa pesa mfano mkubwa ni Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, na mkewe MacKenzie. Januari 2019 wakatoa tangazo moja, wamelisaini wote wawili, ndoa ya miaka 25, watoto wanne. Aprili mgawanyo ukajulikana, mama kachukua robo ya hisa zao za Amazon, kama asilimia 4 ya kampuni nzima, thamani yake wakati huo ilizidi dola bilioni 35, akamwachia Jeff robo tatu pamoja na haki ya kupiga kura kwa hisa alizochukua mama, na gazeti la Washington Post, na kampuni ya roketi. Julai mwaka huohuo kesi imeisha. Miezi sita! Kuna watu wanagombea kiwanja cha robo eka huu mwaka wa nane.

Ila usije ukadhani ni hela ndo inaleta amani. Hela inanunua ukimya tu, wasuluhishi, mawakili wapole, hata jaji wa kukodi, kwa kawaida jaji mstaafu mnayemlipa wenyewe ili kesi isisikilizwe mbele za watu. Waigizaji Brad Pitt na Angelina Jolie walikuwa na jaji wa kukodi wa namna hiyo, tena ndiye aliyewafungisha ndoa, na bado shauri lililofunguliwa Septemba 2016 limekuja kufikia makubaliano Desemba 2024, katikati hapo jaji mwenyewe kaondolewa na mahakama ya rufaa mwaka 2021 kwa sababu hakuweka wazi vya kutosha kazi zake na mawakili wa upande wa Brad. Watoto sita, miaka minane. Kwa hiyo hela zilikuwepo, jaji alikuwepo, kilichokosekana ni wale wawili kukubali kukaa meza moja.

Waliolipatia hili jambo jina la mbwembwe ni mwigizaji Gwyneth Paltrow na Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya Coldplay, Machi 2014, walipotangaza kwamba wanatengana, wakakiita kitu hicho "kuachana kwa kujitambua". Walichekwa sana, na mimi nilicheka, jina lilikuwa na harufu ya matajiri wasio na kazi, na wala hawakulibuni wao, lilikuwa linatumiwa na mshauri mmoja wa masuala ya ndoa. Lakini watoto wao wawili wakalelewa na wote bila kelele, Gwyneth akaolewa tena 2018, na walipoenda fungate Maldives, watoto wakaenda, na Chris naye akaenda. Fungate ya mke wake wa zamani. Mimi hapo uzalendo ungenishinda, ningebaki nyumbani nalinda mbwa.