Je, wajua kwa nini bandama ya sentimita 8 ni ya kawaida kwa mtoto mmoja na imevimba kwa mwingine?

Karatasi ya altrasaundi inayosema "bandama sm 8" haina maana yoyote mpaka ujue ni ya mtoto gani. Katika majedwali yanayotumika sana, hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha kawaida kwa mtoto wa miaka 2. Wa miezi 6 haruhusiwi kuvuka 6.5, kwa hiyo yake imevimba. Wa miaka 10 anaruhusiwa hadi 11, basi huyo hana tatizo.

Wengi hudhani mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa, kila kiungo kwa kiwango kilekile. Sivyo kabisa. Ini la mtoto mchanga huchukua takribani sehemu moja ya 25 ya uzito wake, wakati la mtu mzima ni kama moja ya 50. Kwa miezi mingi ya mimba ini ndilo hutengeneza damu kwa wingi, na mtoto huzaliwa nalo likiwa bado kubwa. Ndiyo maana ukimpapasa mchanga mwenye afya chini ya mbavu za kulia, unaweza kugusa ukingo wa ini sentimita 1 au 2 nje ya mbavu, na mzazi akaambiwa bure kwamba limevimba. Figo nayo ina mwendo wake: karibu sentimita 4.5 mtoto anapozaliwa, 6 na ushee akitimiza mwaka, kisha huongezeka milimita 2 hivi tu kwa mwaka. Tezi za adrenali, zinazokaa juu ya figo, ndizo za ajabu kuliko zote. Mtoto akizaliwa hufikia karibu theluthi ya figo, halafu katika wiki za mwanzo hunywea, kwa sababu sehemu kubwa ya tezi ilikuwa ya kazi ya mimbani.

Sasa, kipimo kilinganishwe na nini? Fundi wa sare za shule haulizi mtoto yuko darasa la ngapi. Anavuta utepe begani mpaka kiunoni, kwa kuwa darasa moja lina warefu na wafupi. Viungo vya tumbo ni hivyohivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliopima watoto 307 wenye afya, ulikuta ini, bandama na figo vinafuatana na urefu wa mwili kuliko kitu kingine. Kwa mtoto aliyedumaa, jedwali la umri pekee linaweza kuficha uvimbe.

Upimaji wenyewe una mambo yake. Mtoto hulazwa ubavu wa kulia, jeli inapakwa, na mpimaji husubiri pumzi ishushe bandama ndipo aweke alama mbili kwenye ncha zake. Akilia au kifaa kikiinama, milimita kadhaa hupotea.

Tena majedwali mengi yalitengenezwa mbali na malaria na kichocho, na penye magonjwa hayo bandama za watoto wengi wanaocheza bila shida ni kubwa zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima kichocho, uliotokana na mkutano wa Niamey wa 1996, huzingatia urefu wa mtoto.

Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, hesabu hugeuka: bandama huvimba utotoni, kisha kwa wengi husinyaa kwa makovu. Njiani hupita kwenye kipimo cha kawaida, ilhali kazi yake imeshaharibika.