Ushuru wa stempu ulivyomtoa Angela Rayner, na nyumba yako ya Bongo

Tangu Angela Rayner, Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza, ajiuzulu Septemba 2025 kwa kulipa pungufu ushuru wa stempu (kodi unayolipa ukinunua nyumba), simu hapa kituoni haziishi, na karibu zote ni swali lilelile, alikuwa waziri wa nyumba kabisa, ilikuwaje asijue kodi anayotakiwa kulipa? Jamani, uwaziri na kodi ni vitu viwili.

Na mama mwenyewe si mtoto wa kishua. Kazaliwa Stockport 1980, kakulia nyumba za halmashauri, mama yake hajui kusoma wala kuandika, akaacha shule na miaka 16 akiwa na mimba, akawa mhudumu wa wazee na wagonjwa, huko huko akaingia chama cha wafanyakazi cha Unison na siasa ndo zikaanzia hapo. Ubunge wa Ashton-under-Lyne 2015, naibu kiongozi wa chama cha Labour 2020, Julai 2024 Naibu Waziri Mkuu na wizara ya nyumba juu yake.

Mei 2025 akanunua fleti Hove, mji wa pwani kusini mwa England, kwa pauni 800,000. Akalipa ushuru 30,000 kama mtu asiye na nyumba nyingine, maana sehemu yake kwenye nyumba ya familia huko Ashton alishaiuzia trasti (mfuko unaomtunzia mtu mali) ya mwanae mwenye ulemavu. Hesabu ni hivi: pauni 125,000 za mwanzo hulipi kitu, kutoka hapo mpaka 250,000 asilimia 2, hiyo 2,500, na 550,000 zilizobaki asilimia 5, hiyo 27,500. Sasa sheria inasema nyumba ikiwa kwenye trasti kama ile na mtoto hajafika 18, inahesabiwa ni ya mzazi. Kwa hiyo kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mwenye nyumba nyingine, na inapigwa kwenye bei YOTE, siyo kwenye kinachozidi, hili mnalikosea kila siku. 40,000 zingine. Jumla 70,000.

Mshauri wa maadili wa Waziri Mkuu, Laurie Magnus, alikubali kwamba Rayner hakuwa na nia mbaya, ila aliambiwa atafute mtaalamu wa kodi na hakutafuta. Tarehe 5 Septemba akaachia uwaziri na unaibu wa chama, akabaki mbunge.

Tuje kwenu. Ukinunua England au Ireland Kaskazini (Scotland na Wales wana kodi zao) na tayari una nyumba ya kuanzia pauni 40,000 popote duniani, nyongeza inakuhusu, labda kama unabadilisha nyumba unayoishi. Popote maana yake popote, Tegeta na Nyali zimo. Kiwanja kitupu hapana. Na ya mkeo au mumeo inahesabiwa kama yako, msinipigie kusema iko kwa jina la shemeji wakati kodi ya mpangaji inaingia kwako.

Ritani (fomu ya kodi hiyo) inapelekwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha ununuzi. Ukichelewa faini pauni 100, ukipitisha miezi 3 inakuwa 200, riba mbali. Ukikosea kwa uzembe faini inafika asilimia 30 ya kodi iliyopungua, kwa makusudi 70, ukificha 100. Ukijitaja mwenyewe kabla hawajakushtukia, ile ya uzembe inaweza kushuka mpaka sifuri. Kurekebisha ritani una miezi 12 kuanzia siku ya mwisho ya kuipeleka.

Haya ni maelezo ya jumla, siyo ushauri wa mtu mmoja mmoja. Ukija ofisini njoo na hati yenyewe, siyo picha ya WhatsApp iliyokatwa ukurasa wenye jina.