Dripu ya Alzheimer: ni dawa gani, na usalama wake uko wapi

Dripu ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu, ni dawa inayopitishwa taratibu kwenye mshipa ili kuondoa amiloidi, protini inayojikusanya mabonge mabonge kwenye ubongo wa mgonjwa. Zipo mbili zinazotajwa sana: lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani Julai 2023, na donanemab, iliyoidhinishwa huko Julai 2024. Ya kwanza huanza kwa kuwekwa kila wiki mbili, kwa saa moja hivi. Ya pili ni kila wiki nne, kwa nusu saa.

Huku Mtwara dripu tumeizoea. Mtu akilegea kwa malaria au kuharisha, ndugu wenyewe humwambia nesi, "Mtundikie maji." Ndiyo maana familia ikisikia kwamba mama aliyeko kwa mwanawe Marekani anawekewa dripu ya kusahau, wanadhani ni ya kumwongezea nguvu na kwamba atarudi mzima. Sivyo. Katika utafiti mkubwa wa lecanemab, watu 1,795 walifuatiliwa kwa miezi 18. Waliopewa dawa nao waliendelea kudhoofika, ila kwa kasi iliyopungua kwa asilimia 27 wakilinganishwa na waliowekewa dripu isiyo na dawa ndani yake. Tena ni dawa ya walio mwanzoni mwa ugonjwa. Mzee ambaye hawatambui tena wanawe haimhusu.

Kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla ya sindano. Lazima ithibitishwe kwamba amiloidi ipo kweli, mara nyingi kwa picha maalumu ya ubongo au kwa kupima maji ya uti wa mgongo, maana kusahau huletwa pia na sonona, tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12. Kisha hupigwa MRI, picha ya ubongo inayotumia sumaku, kuangalia kama ubongo umewahi kuvuja damu. Daktari huuliza kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na hushauri apimwe jeni iitwayo APOE4, kwa sababu aliyeirithi kwa baba na kwa mama yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ubongo kuvimba au kuvuja damu.

Siku yenyewe hupimwa presha, joto na uzito, kwa kuwa kipimo cha lecanemab hutegemea kilo. Mgonjwa anaweza kupata homa, kutetemeka au kichefuchefu. Katika utafiti ule ilimpata kama mmoja kati ya wanne, mara nyingi kwenye dripu ya kwanza. Nesi hupunguza kasi au huifunga.

Kinachotisha zaidi hakionekani kitandani. Amiloidi hukaa pia kwenye kuta za mishipa ya ubongo, na inapoondolewa, kuta hizo zinaweza kupitisha maji au damu. Ubongo unavimba au unavuja. Hali hiyo huitwa ARIA. Wengi wanaoipata hawasikii chochote, kwa hiyo MRI hurudiwa mara kadhaa katika miezi ya mwanzo, na ikionekana dawa inaweza kusimamishwa kwa muda au moja kwa moja. Wanaosikia dalili huumwa kichwa, huona kizunguzungu au maruweruwe, huchanganyikiwa, na wengine huanguka kifafa.

Sasa tuseme mama huyo amekuja Shangani, hapa Mtwara, kwenye msiba, na usiku anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Mmoja atasema malaria imempanda kichwani, mwingine atasema ana mashetani. Mpelekeni hospitali ya Ligula usiku huohuo. Malaria apimwe, ni sawa kabisa, lakini anayempeleka aseme mapema: "Daktari, mama anawekewa lecanemab kwenye mshipa, ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Kusema tu kwamba anatumia dawa ya Alzheimer hakutoshi, kwa sababu vipo pia vidonge vya ugonjwa huo ambavyo havina hatari hii. ARIA inaweza kufanana na kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa kiharusi, inaweza kumsababishia mama huyu kuvuja damu ubongoni hadi kufa. CT scan, picha ya eksirei ya kichwa, nayo inaweza isione kitu. MRI ndiyo huionyesha vizuri.

Kwa maoni yangu, miezi ya mwanzo asisafiri mbali na hospitali inayomtibu, hata kama msiba ni wa karibu. Akishasafiri, abebe karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na simu ya daktari wake. Ikae pamoja na pasipoti, na picha yake iwe kwenye simu ya atakayelala naye chumba kimoja.