SSD ndogo mbele ya diski kuu: kashe inasaidia wapi, inahatarisha nini

Mwenye seva akilalamika kwamba mashine yake ni nzito, mara nyingi huanza kwa kuulizia prosesa mpya. Ukifungua takwimu unakuta prosesa imekaa bure, inasubiri diski.

Tufanye hesabu. Diski kuu (hard disk, yenye sahani zinazozunguka) ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu mzunguko ndipo sekta inayotakiwa ipite chini yake. Jumlisha milisekunde nane au tisa za kichwa chenyewe kusogea, utapata kama 12 au 13 kwa kila ombi. Hiyo ni diski inayomudu maombi 80 hivi kwa sekunde. Kama kila ombi ni la KB 4, basi kasi yako ni KB 320 kwa sekunde! Diski hiyohiyo ukiipa faili moja kubwa iisome mfululizo, itakutolea MB 150 na zaidi. Kinachoiua ni kurukaruka. SSD, yaani diski ya chipu za kumbukumbu, haina sahani wala kichwa cha kusogeza, ndiyo maana ombi dogo hulijibu ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde.

Kashe, yaani hifadhi ndogo ya kasi inayokaa mbele ya kubwa ya polepole, hutumia tofauti hiyo. Mwenye duka haweki ghala zima kaunta. Anaweka sukari, chumvi na sabuni, vitu vinavyoulizwa kutwa. Vivyo hivyo, SSD ya GB 256 ikikaa mbele ya diski kuu ya TB 4, hubeba vile vipande vinavyosomwa tena na tena, na vingine vyote vinabaki nyuma.

Kwenye Windows, Intel walileta Smart Response mwaka 2011, ikiwa na kikomo cha GB 64 za kashe. Kwenye Linux, ninakofanyia kazi, programu ya kashe iitwayo dm-cache iliingia katika kerneli (kiini cha Linux) ya 3.9 na nyingine, bcache ya Kent Overstreet, katika 3.10, zote mwaka 2013. Bcache inadai diski kuu iandaliwe upya, kwa hiyo data yote uihamishe kwanza. Dm-cache unaweza kuipachika kupitia LVM (zana ya Linux ya kugawa na kupanga diski) juu ya sehemu ambayo tayari ina data, na ukaiondoa siku ukitaka. Kwa seva iliyokwisha kuanza kazi, mimi huchagua LVM. Kwa seva mpya, bcache.

Bcache ina busara moja ninayoipenda sana: ikiona kazi inasomwa au kuandikwa mfululizo na kupita MB 4, inaipitisha moja kwa moja kwenye diski kuu. Bila hivyo, kunakili bekapu moja ya usiku kungefukuza kila kitu kwenye SSD, na asubuhi hifadhidata ingeanza upya kwa mwendo wa kobe. Kazi ndefu iachie diski kuu, inaiweza.

Sasa kuandika, na hapa naomba usome polepole. Hali ya writethrough, ambayo bcache huanza nayo yenyewe, haimwambii mtu "tayari" mpaka data ifike kwenye diski kuu. SSD ikifa leo, hupotezi kitu. Mashine inarudia uzito wake wa zamani tu. Hali ya writeback inasema "tayari" mara data inapotua kwenye SSD, kisha inaishusha baadaye kwa mpangilio. Kasi ya kuandika hapo inapanda ajabu. Lakini kwa muda huo nakala pekee ya data mpya iko kwenye SSD. Ikifa, faili za leo zinapotea, na pia muundo wenyewe wa mfumo wa faili kwenye diski kuu unabaki na mapengo, hata faili za mwaka juzi zikawa hazifunguki.

Kuna watu wana diski kuu mbili kwenye RAID 1, yaani kila moja inabeba nakala ya mwenzake, wamelipia usalama huo, halafu wanaweka mbele yake SSD moja ya bei nafuu kwa writeback. Usalama wote wa zile mbili sasa umeshikiliwa na ile moja. Ukitaka writeback, SSD nazo ziwe mbili, zenye kapasita za kushikilia umeme unapokatika. Vinginevyo baki na writethrough. Kwa seva nyingi za ofisi, kusoma ndiko kunakoumiza.

Kabla ya kununua chochote, angalia RAM. Linux tayari hutumia RAM iliyobaki kama kashe, tena yenye kasi kuliko SSD yoyote. Kama data inayotumika kila siku ni GB 10 na seva ina RAM ya GB 8, ongeza RAM kwanza. Ukishaweka kashe, ipe siku kadhaa ipate joto, yaani ijae data inayotumika sana, ndipo, kwa bcache, usome faili ya cache_hit_ratio (asilimia ya maombi yaliyojibiwa na kashe) iliyo chini ya stats_day. Ikibaki chini wiki nzima, kazi yako hairudii data, na SSD hiyo itafaa zaidi ukiihamishia hifadhidata yenyewe.

Usisahau kwamba kashe huichakaza SSD. Iliyoandikwa TBW 150, yaani terabaiti 150 za kuandikwa maishani mwake, ukiiandikia GB 100 kila siku, inafika kikomo hicho baada ya siku 1,500, yaani miaka minne na kidogo. Ifuatilie kwa smartctl, amri inayoonyesha afya ya diski.

Na siku ya kuibadilisha, kama ulikuwa kwenye writeback, usiichomoe tu. Rudisha hali kuwa writethrough, soma faili ya state ya bcache mpaka neno dirty (kuna data ambayo haijashushwa) ligeuke kuwa clean, ndipo uitenganishe SSD na diski kuu kisha uzime mashine.