Kukipa kioo ngozi ya ziwani

Mtu akishika shanga zangu za kioo chenye ukungu, kama kile kilichosuguliwa na ziwa, kwa mara ya kwanza huuliza nimezipaka nini. Sijazipaka kitu. Kioo ni kilekile cha chupa ya soda au ya bia: kimepondwa, kikayeyushwa, kikatobolewa, kisha kikachubuliwa ngozi. Ule ukungu uko juu tu. Chovya shanga moja kwenye maji uone: inang'aa papo hapo, maana maji yamejaza vijishimo vilivyokuwa vikitawanya mwanga. Ikikauka, ukungu unarudi.

Huku Kigoma kazi hiyo ziwa huifanya lenyewe, taratibu. Mawimbi huburuta kipande cha chupa juu ya mchanga na changarawe, kingo kali zinaisha, uso unakwaruzika. Maji nayo yanakula. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inakaribia 9, na alkali hula kioo polepole sana. Ndiyo maana kipande kilichokaa ziwani muda mrefu hakina mkwaruzo wa aina moja: kuna sehemu laini, kuna vidonda vidogo, na upande mmoja mara nyingi bado una mbinuko wa ile chupa.

Basi kwa nini nisiokote tu vipande ufukweni pale Kibirizi na kuvitoboa? Unavyoviokota vingi bado ni vipya na vinakata mikono. Kukitoboa kioo baridi kunataka kekee ya almasi, maji yakidondoka muda wote, na bado vinapasuka.

Kwa hiyo naanza na chupa. Ya kijani imepata rangi yake kwa kromiamu au chuma, ya kahawia kwa chuma na salfa, isiyo na rangi hutoa shanga nyeupe kama barafu. Bluu ni adimu, nikiipata naificha. Sharti moja: shanga moja, chupa moja. Kila kiwanda kina mchanganyiko wake, na vioo visivyosinyaa sawasawa vikiungana vitapasuka tu.

Namna ya kuyeyusha ni ya mafundi wa Krobo, kule Ghana. Wao kwa shanga za unga wa kioo huweka kijiti cha jani la muhogo katikati ya kalibu ya udongo. Kijiti kinaungua, tundu linabaki. Lakini unga hutoa shanga isiyopitisha mwanga, na kioo cha ufukweni lazima kipitishe. Hivyo natumia vipande, navipanga kwenye kalibu iliyopakwa udongo mweupe wa kaolini kisigande. Kioo cha chupa huanza kulainika karibu nyuzi 700 za Selsiasi, ila ili vipande viungane nalipandisha tanuri hadi zaidi ya 800. Vikishakuwa bonge moja natoa kalibu, natoboa kwa chuma chenye ncha huku nikizungusha. Hapo hakuna kuongea na mtu. Wala sihangaiki na duara kamili, maana ziwa halina bikari.

Kisha kupoza, na hapa wengi hukosa subira. Kwenye nyuzi 550 hivi ndipo kioo kinapoachia mivutano yake. Kikishushwa haraka kitaonekana kizima, halafu kinapasuka wiki ijayo shingoni mwa mteja. Nazifunika kwa jivu la moto ndani ya tanuri, nazifungua kesho yake.

Sasa ngozi. Nina galoni la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, linazungushwa na mota ndogo juu ya roli mbili. Ndani naweka shanga, kokoto ndogo, maji, na unga wa silikoni kabaidi, ule wa kwenye msasa mweusi. Namba 120, yenye chembe kubwa, inachubua kwa nguvu, 220 inaacha ukungu laini zaidi. Mchanga wa ziwani nao unafanya kazi, kwa sababu kwatzi, madini ya chembe zake, ni ngumu kuliko kioo, ila chembe zake zimeshaviringika na zinakawia. Galoni lizunguke polepole, shanga ziteleze; likienda mbio zinarushwa na kumeguka. Umeme ukikatika hakuna hasara, linasubiri. Mimi huzitoa kabla hazijawa sawa pande zote, kwa makusudi.

Kuna dawa za asidi zinazoleta ukungu kwa dakika chache. Sizitaki. Nyingi zina floridi, na asidi haidrofloriki hupenya ngozi ikafika mpaka mfupani. Isitoshe ukungu wake ni sawia mno, jicho linaujua. Kioo na unga wake visagwe vikiwa vimelowa siku zote, vumbi lake linaua mapafu, na tope linalobaki usilimwage kwenye sinki. Litagandamana kwenye bomba.

Hapa jirani, Ujiji, shanga zilikuwa fedha. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta sokoni shanga ziitwazo sofi, akazifananisha na vipande vya shina la kiko. Zangu ni pambo tu, na mnunuzi namwambia wazi kwamba ziwa halikuzigusa. Wengine huziacha mezani wakisikia hivyo, sawa.

Kabla ya kutunga, sugua ndani ya kila tundu kwa waya na brashi. Chembe moja ya ule unga ikibaki humo inakata uzi. Mimi hutumia nailoni ya kushonea nyavu.