Jeraha ambalo likizo haliliponyi

Muuguzi aliyechoka ukimpa siku chache za kulala, anarudi kazini. Yupo mwingine ambaye unampa mwezi mzima, naye anarudi vilevile, au harudi kabisa. Mimi ni mwanasaikolojia, na kati ya wahudumu wa afya niliowasikiliza Nairobi tangu Korona iingie Machi 2020, huyu wa pili ndiye aliyenisumbua akili zaidi.

Uchovu wa kazi unajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kwamba si ugonjwa, ni matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa: nguvu zimekwisha, kazi imekuchukiza, na huoni tena unachofanikisha. Sawa. Lakini sasa tuingie wodi ya Korona usiku. Ndugu hawaruhusiwi. Muuguzi, glavu jozi mbili, miwani imejaa mvuke, anashikilia simu iliyotiwa kwenye mfuko wa plastiki sikioni mwa mgonjwa ili wanawe wamuage. Akimaliza, kuna vitanda viwili vinavyosubiri oksijeni na mtungi ni mmoja. Miezi kadhaa baadaye mtu huyu anakula, analala, hata anacheka, ila simu ikiita mikono inamtetemeka. Hofu ya kufa hana. Alicho nacho ni hatia.

Hali hii tunaiita jeraha la kimaadili. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani, alilieleza baada ya kuwatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, na kwake kiini ni usaliti: mwenye mamlaka amekiuka lililo haki wakati maisha ya watu yamo hatarini. Desemba 2020 madaktari wa Kenya walipogoma wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na bima, wengi waliona siasa za mishahara. Mimi niliona pia jeraha hilo.

Ndiyo maana sipendi ile desturi ya kuwakusanya watu ukumbini siku ya pili baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie yaliyomkuta. WHO yenyewe haishauri kikao cha namna hiyo upesi hivyo. Watu wapewe chakula, usingizi, zamu fupi, na mwenzao wa kuongea naye wakitaka wenyewe. Halafu mkubwa asimame aseme waziwazi: uamuzi wa ule mtungi ulikuwa wetu, si wako. Nimeona sentensi kama hiyo ikifanya kazi ambayo vikao vyangu vingi havikuifanya.

Tatizo jingine ni faili. Hakuna muuguzi anayetaka faili lake la afya ya akili lipite mikononi mwa wenzake wa mapokezi, basi anavumilia. Tafuta huduma nje ya hospitali unayofanyia kazi. Usingizi ukipotea wiki mbili, au pombe ikawa ndiyo dawa ya kulala, nenda. Na mawazo ya kujiua yakianza, usingoje siku ya kliniki: mwambie mtu mmoja leo, na uombe usipangwe peke yako usiku.