Je, wajua kwa nini Yesu alichagua mzabibu na si mwerezi?

Usiku wa kuamkia kusulubiwa kwake, Yesu aliwaambia wanafunzi: "Mimi ni mzabibu, ninyi ni matawi" (Yohana 15:5). Angeweza kutaja mwerezi wa Lebanoni, mti wa fahari, au mzeituni unaodumu karne na karne. Kwa nini mzabibu?

Sehemu ya jibu iko kwa watangulizi wake. Zaburi ya 80 inaiimba Israeli kuwa mzabibu uliotolewa Misri, na Isaya 5 inalia kwamba shamba hilo lilizaa zabibu-mwitu. Lakini jibu linalonigusa zaidi liko Ezekieli 15, sura fupi ambayo wengi tunairuka. Mungu anamwuliza nabii: mti wa mzabibu unafaa kazi gani? Waweza kutoa hata chango cha kutundikia chombo? Haufai. Mwerezi ulikatwa ukawa boriti za hekalu la Sulemani, na mzeituni ukachongwa makerubi humo humo. Tawi la mzabibu limeumbiwa kuzaa tu. Likitengwa na shina, ni kuni. Ndiyo maana Yesu anaongeza: "pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote."

Huku kwetu Moshi tunaijua kahawa kuliko mizabibu. Pita Kibosho au Marangu wakati wa kupogolea: tawi lililokatwa asubuhi bado ni kijani jioni, na ukilitazama kwa mbali hutajua kama limeshatengana na mti. Naamini hiyo ndiyo hatari yetu tunaoshinda kanisani. Mazoezi ya kwaya, jumuiya, kamati ya ujenzi, mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada. Yote mema, na yote yanaweza kuendelea kwa muda mrefu ndani ya mtu ambaye haombi tena.

Basi kukaa ndani ya Kristo hufanyikaje siku ya Jumatatu? Ukisoma aya ya 7 hadi ya 12 utaona Yesu hadai tujisikie namna fulani. Anataja maneno yake yakae ndani yetu, tuombe, tuzishike amri zake. Kisha anaitaja amri yenyewe: mpendane.

Kwa mama anayeuza maharage soko la Mbuyuni, hiyo ni kurudia moyoni aya aliyoisoma alfajiri, kati ya mteja na mteja, na kupimia kwa kisado ambacho kitako chake hakijabonyezwa. Kwa ndugu wawili waliogombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, jambo ni zito zaidi. Mmoja atalazimika kuchuma jani la sale, alama yetu Wachagga ya kuomba msamaha, alipeleke kwa mwenzake kabla ya Jumapili ya Meza ya Bwana. Mpaka wenyewe wazee wa ukoo watauamua baadaye.